Milimita Tatu Kati Yako na Ardhi: Kimkeka cha Sponji Baada ya Usiku Kumi na Moja

Wadau, habari zenu, karibuni tena. Leo mezani sina kitu cha kung'aa. Nina hiki hapa. Ngoja nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Kijivu, laini, unene wake chapati ya maji. Ndugu yangu, hiki ndicho kitanda.

Nakiweka kwenye mzani wa jikoni. Subiri utulie... gramu 82. Unene milimita tatu, upana sentimita 50, urefu sentimita 180. Simu ninayorekodia hii video ina uzito zaidi ya mara mbili ya hapo. Mama alivyoniona nakikunja kwenye begi akauliza TV iko wapi, maana kwake sponji ya namna hii ni ya kufungia TV isivunjike njiani. Hajakosea sana, nitafika huko.

Kwa aliyeingia leo: kuna watu wanatembea milimani kwa mzigo mwepesi kupindukia. Hesabu yao imetoka Marekani: begi na kila kilichomo, ukitoa chakula, maji na mafuta ya jiko, visizidi pauni 10, yaani kilo nne na nusu. Si jambo la jana. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Ohio, Emma Gatewood, akiwa na miaka 67, alitembea njia ya Appalachian, njia ndefu ya miguu milimani mashariki mwa Marekani, peke yake mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 3,000, na begani ana kifuko alichoshona mwenyewe. Hema hana. Slipingi begi, ule mfuko wa kulalia, hana. Ana blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Kwa hiyo ukinicheka mimi na milimita zangu tatu, jua kuna bibi ameshanishinda.

Haya, nimekilalia usiku kumi na moja. Siwapitishi usiku wote, nawapa miwili tu.

Wa kwanza, Usambara. Tulitoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu, tukapitia Magamba na Rangwi, mwezi wa tisa. Jioni moja tukapiga hema karibu na Shume, chini ya misonobari. Mnajua misonobari inavyomwaga majani yake kama sindano, yanarundikana mwaka hadi mwaka mpaka ukikanyaga unabonyea. Nikatandaza kimkeka, nikajilaza, nikalala mpaka jogoo wa kijijini akaniamsha. Asubuhi niko fiti, nawaringia wenzangu wenye magodoro ya upepo.

Lakini semeni ukweli, usiku ule godoro lilikuwa kimkeka au lilikuwa yale majani? Godoro lilikuwa majani. Kimkeka kilizuia unyevu usipande na sindano zisinichome, kazi nyingine yote ilifanywa na ardhi.

Usiku wa pili, Hanang. Mlima ule una mita 3,420 hivi, na sisi tulipandia Katesh kwa njia ya Jorodom, tukalala njiani. Ardhi ngumu, imeinama kidogo, upepo unavuma. Saa nane usiku nikaamka. Juu nina joto, kifua kina joto, ila nyonga ya kulia ni kama nimelalia bati la friji. Nikageuka kushoto, dakika kumi, nyonga ya kushoto nayo ikaanza. Nikageuka chali, mgongo. Ikabidi niamke, nitoe kila kitu kwenye begi, begi lenyewe nilitandike chini ya miguu, koti la mvua nilikunje chini ya kiuno, kamba ya hema iliyobaki nayo niiviringishe niitie. Nikapata usingizi wa kuibia mpaka saa kumi na moja. Mwenzangu mmoja anakoroma pembeni juu ya godoro lake la upepo. Yule niliyemringia Shume. Hakusema kitu asubuhi, alinipa chai tu, na hiyo chai ilinisema kuliko maneno.

Tatizo ni nini? Wengi tunadhani slipingi begi nzito inatosha. Upande wa juu, sawa. Joto linatunzwa na hewa iliyotulia ndani ya manyoya yaliyojazwa kwenye begi hilo. Upande wa chini umelala juu yake, umeyakandamiza, hewa imetoka, imebaki kama shuka mbili. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha na haichoki. Fanya hivi nyumbani: alfajiri weka kiganja kwenye sakafu ya sementi, hesabu mpaka sitini. Halafu weka juu ya sponji hii, hesabu tena. Utaona tofauti, ipo. Rudia kwa nusu saa uone kama bado ipo.

Watengenezaji wana kipimo chake, wanakiita R. Kikiwa kikubwa, joto linapita kwa shida. Siku hizi makampuni mengi yanapima kwa kiwango kimoja, ASTM F3340, kwa hiyo unaweza kulinganisha bidhaa ya huyu na ya yule bila kudanganywa sana. Sponji ya milimita tatu ya aina hii inakaa kwenye R ya karibu nusu, pengine chini kidogo. Sponji ya kampuni ya Therm-a-Rest, Z Lite Sol, ile ya kukunjakunja kama feni ya karatasi, ina R ya 2.0 na gramu 410. Na godoro la upepo la hao hao, NeoAir XLite NXT, lina R ya 4.5 kwa gramu 370.

Rudia hizo namba taratibu. Godoro la upepo, nene sentimita saba na nusu, ni jepesi kuliko lile la sponji la kukunja, na lina joto mara mbili na zaidi. Sasa gawanya uzito kwa R. XLite, kila kipimo kimoja cha joto unakibeba kwa gramu 82. Z Lite, gramu 205. Hiki changu, karibu gramu 170 au 180. Hapo ndipo mimi niliposhtuka, maana nilikuwa nakinadi kila mahali kwamba ni chepesi. Ni chepesi kweli, kwa sababu hakijabeba joto. Ukitaka joto, wewe unalipia uzito mkubwa kuliko mwenye upepo. Ukienda mahali ambapo huhitaji kukingwa na baridi ya ardhi, hapo ndipo gramu 82 zinapokuwa ushindi.

Ni wapi huko? Pwani. Bonde la Ufa chini kule Natron, ambako usiku wenyewe unatamani ardhi ikupoze. Kule kuna faida nyingine tena, miiba ya mgunga. Godoro la dola 200 na ushee likikutana na mwiba wa mgunga saa tatu usiku, utatafuta pancha kwa tochi huku umeziba pumzi usikie inapovuja. Sponji haina pancha. Ichome mwiba, ichome sigara, itobolewe na panya, bado utailalia.

Na ukienda juu, usikitupe. Kiweke chini ya godoro la upepo. R zinajumlishwa, hivyo unapata karibu nusu ya ziada, halafu godoro halitelezi kwenye sakafu ya hema, na kama kuna kijiti chini hakilifikii. Kwa kazi hii namba mbili mimi ningekinunua hata kama nisingekilalia peke yake tena maisha yangu yote.

Angalieni na hili. Begi langu halina fremu, ni gunia lenye mikanda, tuseme ukweli. Nakunja kimkeka hivi... sentimita 30, 30, 30... mikunjo sita. Nusu mita ya upana inakaa wima kwenye mgongo wa begi. Tabaka sita mara milimita tatu, milimita 18. Sufuria sasa hainichomi uti wa mgongo. Mchana tukipumzika nakichomoa, nakikalia kwenye jiwe lenye umande, nakirudisha. Hakinyonyi maji. Hii nyingine ya njano, nimekata kipande kwenye godoro la zamani la ndani, hebu tumwagie maji kijiko kimoja... mmeona? Yamepotea. Ukiibinya yanatoka. Hii ya kijivu... maji yamekaa juu kama kwenye jani la mgomba. Unapukuta, basi. Vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, maji hayana njia. Ukiwa dukani huna kijiko cha maji, weka mdomo upulize: hewa ikipita upande wa pili, rudisha.

Kuhusu kununua. Nilianza na ile nyeupe ya kufungia TV, ambayo mafundi wanaitandika pia chini ya sakafu za mbao za kubandika. Kariakoo wanakukatia kwa mita. Ni bei ya kutupa, na kwa usiku mmoja inafanya kazi. Usiku wa tatu imeshabonyea pale kiunoni na haikurudi. Inachanika ukiikunja kwenye mstari ule ule, na ina kelele, ukigeuka hema zima linajua. Kwa kujaribu kama mchezo huu unakufaa, nunua hiyo. Mkeka wa yoga, hapana. Huu wa kwangu una uzito wa kilo moja na gramu 80. Kaa nao sebuleni.

Hiki cha kijivu niliagiza mtandaoni, na kabla yake niliagiza kingine kilichoandikwa milimita kumi. Kikaja. Nikaweka rula, sita. Nikadhani naona vibaya, nikamuita mdogo wangu apime, sita. Muuzaji akanijibu kwamba kimebanwa na usafiri, nikitandaze juani kitafura. Nimekitandaza juani wiki nzima, jamani. Sita. Kwa hiyo ukinunua kitu cha unene, omba picha ikiwa na rula pembeni kabla hujatuma hela.

Anayelala ubavu, na mimi ni mmoja wao, atasumbuka kuliko anayelala chali, maana uzito wote unashuka kwenye nyonga na bega. Ninachofanya: kabla ya kupiga hema najilaza palepale chini, na viatu, watu wanitazame. Nikipata kibonde kidogo cha kuingia nyonga, hapo ndipo pangu. Kama kuna nyasi kavu nalala juu yake ilivyo, sing'oi wala sikati matawi, msitu si wa baba yangu. Ukifika kambini giza limeingia, hii yote huiwezi, kwa hiyo kimkeka chembamba kinakulazimisha kufika mapema.

Kuchakaa? Nilikipima jana. Pembeni bado milimita tatu. Pale kwenye nyonga, mbili na kidogo. Usiku kumi na moja tu huo. Harufu imebaki ya moshi na soksi, nimeosha kwa sabuni ya vyombo, imepungua.

Kilikuja na urefu wa mita mbili, nikakata sentimita 20 kwa kisu cha karatasi nipunguze gramu, kama kawaida yetu wendawazimu. Kile kipande nilikiacha mezani nikiwa na nia ya kukitupa. Mama anakipigia magoti akipandikiza mchicha nyuma ya nyumba. Juzi ameniuliza kama naweza kukata kingine, cha jirani.