Dakika nane zilizoharibiwa na ukumbi wa jirani: uzoefu wangu

Nimesita kwa siku kadhaa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, lakini haijapoa, na sioni faida ya kuendelea kuisubiri. Jumba la sinema ninalolizungumzia sitalitaja, kwani sikusudii kumwaibisha mtu. Ninachotaka ni kueleza jinsi filamu nzuri inavyoweza kuuawa na watu walewale walioajiriwa kuionyesha.

Mimi ni mpenzi wa filamu za taharuki. Hizi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wanaopaa angani na kuangusha maghorofa kwa ngumi, nimezitazama nyingi na baadhi nimezifurahia, ila kwa kawaida hutoka ukumbini masikio yakinivuma huku moyo ukiwa umetulia kabisa, kwa sababu tangu utotoni tumeambiana kwamba steringi hafi, na hakuna filamu zinazolitii neno hilo kuliko hizo. Katika filamu ya taharuki sina uhakika huo. Mlango ukifunguka polepole, sijui anayeingia ni nani, wala sijui kama aliyemo ndani ataiona asubuhi. Hofu hiyo ndogo, inayokua dakika baada ya dakika bila mtu yeyote kupiga kelele, ndiyo inayonitoa nyumbani.

Basi niliposikia kwamba jumba hilo lingeonyesha, kwa usiku mmoja tu, filamu ya mwaka 1967 iitwayo Wait Until Dark, nilimpigia simu mdogo wangu papo hapo nikamwambia aache chochote alichokuwa akikifanya. Yeye ni mtu wa mashujaa; anaweza kukueleza nani ni nduguye nani katika filamu ishirini zinazofuatana, na kwa miaka mingi amekuwa akinicheka kwa kupenda filamu ambazo, kwa maneno yake, hakuna kinacholipuka. Nilitaka aone mara moja tu, katika ukumbi wenye giza, kile ninachokipenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama kwenye runinga mara mbili au tatu, taa za sebuleni zikiwaka, na hiyo ni filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya giza.

Audrey Hepburn anaigiza mwanamke kipofu aliyebaki peke yake katika nyumba iliyo chini ya usawa wa barabara, huku wanaume watatu wakimzunguka kwa hila wakitafuta mwanasesere aliyefichwa dawa za kulevya ndani yake. Sisi tunawaona, yeye hawaoni. Silaha yake ni sikio: hatua za miguu, mlio wa simu, pazia la dirishani linalofunguliwa na kufungwa bila sababu ya maana. Hata muziki wake uliandikwa kwa ajili ya msikilizaji makini, kwani Henry Mancini alitumia piano mbili zilizopishana kwa robo toni, hivi kwamba noti ileile ikipigwa kwenye zote mbili inatoka imepinda kidogo, na mwili husisimka kabla akili haijajua kwa nini. Filamu hiyo ilipotoka, majumba ya sinema yaliombwa kuzima taa zake katika dakika nane za mwisho, ili giza la kwenye skrini liwe pia giza la ukumbini na mtazamaji abaki na sikio lake tu, kama yule mama.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu ili msomaji aelewe ukubwa wa kosa.

Ukumbi wetu ulipakana na ukumbi mkubwa uliokuwa ukionyesha filamu mpya ya mashujaa. Kwa nusu saa ya kwanza sikuona tatizo. Kisha nikausikia mtetemo kwenye kiti, nikadhani ni jirani yangu anayetikisa mguu. Haukuwa mguu. Niliuweka mkono ukutani, na ukuta ulikuwa ukitetemeka kama ubavu wa basi lililosimama huku injini ikiwaka. Sauti nyembamba, yaani maneno ya watu na vilio vyao, zilikuwa zikizuiliwa vizuri na ukuta ule, lakini besi ilipita kama vile hapakuwa na ukuta. Hilo halina ajabu kwa anayejua kidogo habari za sauti: wimbi la sauti nzito ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, lina urefu wa mita zipatazo 17, na haliwezi kuzuiwa kwa ukuta mwepesi uliofunikwa zulia. Wanaojenga majumba ya sinema wanalijua hilo, na wanaopanga ratiba wanapaswa kulijua. Aliyeamua kuiweka filamu inayotegemea ukimya kando ya filamu inayotegemea mngurumo alifanya uamuzi huo akiwa na akili timamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilivumilia. Mdogo wangu, ambaye nilitarajia atachoka mapema, alikuwa ameinama mbele ameshika ukingo wa kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Alikuwa amenaswa kabisa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ndipo zikaanza zile dakika nane. Hepburn amesimama gizani, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza kama mtu yule mwingine bado yumo chumbani, nasi sote tumeshika pumzi kumsikilizia. Na katika ukimya huo, kutoka upande wa pili wa ukuta, ghorofa zima likaporomoka. Viti vilitikisika. Kisha likaporomoka la pili. Watu wawili watatu nyuma yetu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoimaliza filamu, kwa sababu hofu ikishachekwa hairudi tena usiku huohuo.

Nilitoka mbio kwenda kulalamika, na mdogo wangu akanifuata. Mlangoni alikuwapo kijana mwenye kurunzi, na pembeni yake msimamizi wa zamu, ameegemea ukuta uleule uliokuwa ukitetemeka, macho kwenye simu. Nikamsalimu, nikamweleza kwa adabu. Hakuinua macho.

“Mzee, kule kumejaa mpaka viti vya mbele. Huku kwenu mko watu kumi na kitu. Sasa nimpunguzie nani sauti?”

Nikamwambia kwamba hao kumi na kitu nao wamelipa, na kwamba wanachokilipia ni ukimya. Akatabasamu, akamgeukia mdogo wangu kana kwamba yeye ndiye mwenye busara kati yetu, akasema, “Dada, kwani hii filamu ya zamani hivi kuna asiyejua inavyoisha?” Kisha akamwambia inavyoisha. Alimweleza yote kwa sentensi moja: nani anabaki hai, nani hapana, na kile kifaa cha nyumbani ambacho mimi sitakitaja hapa ingawa ningekatwa kidole. Mdogo wangu aliinua mkono kuziba sikio, lakini alikuwa amechelewa. Mkono ukabaki hapo kando ya shavu, naye akanitazama kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa kitu akiwa bado anakitafuna.

Mimi nilirudi ndani nikaona dakika mbili za mwisho. Yeye alibaki kwenye ujia, hakutaka.

Tangu hapo hakuna kitu katika jumba lile ambacho sikukichukia. Viti, ambavyo nilikuwa nimevisifu tulipoingia, niliviona vimelegea. Mwanga wa vibao vya kutokea ulikuwa mkali mno kwa filamu ya giza. Hata kijana wa kurunzi, ambaye kwa kweli hakusema neno na alionekana kuona haya, nilimkunjia uso. Na nikiwa njiani kurudi nilitangaza kwamba sitaingia tena pale, na kwamba filamu za mashujaa zimeiharibu sinema yote, kwa maana zimewafundisha wenye majumba kupima filamu kwa uzito wa mngurumo wake. Niliyaamini maneno hayo nilipoyasema.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba kulinda mwisho wa filamu si takwa la kitoto la watu wa taharuki peke yao. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipotoa filamu yake ya taharuki, Psycho, mwaka 1960, alishikilia kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini filamu ikishaanza, na watazamaji waliombwa wasiwasimulie wengine mwisho wake. Wenye majumba wakatii, wakasimamisha watu kwenye foleni nje. Na mwaka 2019, siku chache kabla ya kutoka kwa filamu ya mashujaa Avengers: Endgame, waongozaji wake waliwaandikia mashabiki barua ya wazi wakiwaomba jambo lilelile, wasiwaharibie wenzao. Mdogo wangu ndiye aliyenikumbusha hilo la pili, kwa ukali kiasi, kwa sababu aliona ninawatupia lawama mashujaa wake kwa kosa la msimamizi mmoja asiye na adabu. Alisema kwamba wiki ile yeye na wenzake walikwepa kuzungumza na watu kwa siku nne ili wasisikie lolote. Sikuwa na jibu.

Hivyo wiki chache baadaye, kwa ajili yake tu, nilirudi katika jumba lilelile, safari hii kwenye ukumbi mkubwa, kutazama ileile filamu ya mashujaa iliyonitikisia kiti. Nakiri kwamba niliingia nikiwa na nia ya kuichukia. Sikuweza. Sauti ilikuwa safi mno, mngurumo uleule ambao upande wa pili wa ukuta ulikuwa uharibifu, hapa ulikuwa na umbo, ulitoka kushoto ukapita kifuani ukaishia nyuma ya kichwa. Na katikati ya vurugu ile kukatokea dakika moja ambapo shujaa anasimama mbele ya mlango uliofungwa, sauti zote zinakatika, naye hajui kilichoko nyuma yake. Ukumbi uliojaa mpaka viti vya mbele ukanyamaza wote. Hapakuwa hata na mtu wa kukohoa. Nikaukumbuka ule mkasa wa vivuko viwili katika The Dark Knight, filamu ya shujaa Batman ya mwaka 2008, ambapo abiria wa kila kivuko wameshikilia kitufe cha kulipua kivuko cha wenzao na saa inakimbilia usiku wa manane. Hiyo ni taharuki halisi, wala hakuna anayepaa. Nimekuwa nikiizungushia uzio aina ya filamu ninayoipenda, ilhali kile ninachokipenda ndani yake kinapatikana pia kwa jirani, kwa wale wanaojua kukitumia.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kubadili hukumu yangu na kuandika kwamba, kwa filamu za mashujaa, ukumbi ule ni mzuri sana na mtu aende bila wasiwasi. Kisha vita vya mwisho vikaanza, maghorofa yakaanza kuporomoka, na nikajikuta nimeugeukia ukuta wa kushoto. Sikujua upande wa pili kulikuwa kunaonyeshwa nini jioni ile. Pengine hapakuwa na kitu. Lakini kila jengo lilipoanguka nilimfikiria mtu aliyekaa pale gizani akijaribu kusikiliza hatua za miguu, na dakika ishirini zile, ambazo kila mtu karibu nami alikuwa akizishangilia, nilizipitisha nikiwa nimekaa kana kwamba mimi ndiye ninayemvunjia mwenzangu filamu. Hapana, siwezi kuusifu ukumbi huo. Usiende kwa ajili ya taharuki hata kidogo, na ukienda kwa ajili ya mashujaa, muulize kwanza msimamizi ni nini kinachoonyeshwa upande wa pili, ili angalau ajue kuna anayejali.

Nimemwandikia meneja barua. Nimemwomba mambo mawili tu: filamu zenye ukimya zipangwe kwenye ukumbi wa mwisho wa ujia, usiopakana na ule mkubwa, na wafanyakazi wakatazwe kusimulia mwisho wa filamu yoyote, ya zamani au mpya, kwa mtazamaji yeyote. Bado sijajibiwa.

Nimemwambia mdogo wangu tuizime nyumba nzima, tukae wawili, tuzitazame zile dakika nane alizozikosa. Ameahidi tutazitazama, ila si sasa. Anasema anasubiri kwanza asahau alichoambiwa mlangoni, na kila nikimuuliza kama ameshasahau, ananijibu kwamba bado anakumbuka kila neno.