Uzoefu wangu na albamu tatu za roki na metali ya progresivu

Hapa Nairobi, mtu akitaja roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mapigo yanayobadilika-badilika, kwa kawaida huanza na Pink Floyd akamalizia na Dream Theater, na baina ya hao wawili hapatajwi mtu. Mimi fedha zangu nimezitumia kwa bendi za pembeni, nikinunua albamu zao mtandaoni kama faili zenye ubora kamili wa sauti, na kati ya nilizonazo naona tatu zinastahili kununuliwa na msikilizaji mwingine.

Ya kwanza ni Hybris, iliyotolewa mwaka 1992 na bendi ya Uswidi iitwayo Änglagård, wakati ambapo walio wengi walishausahau mtindo huu wa miaka ya 1970. Albamu ina nyimbo nne tu. Maneno yake ni ya Kiswidi, lugha nisiyoielewa hata kidogo, lakini sehemu za kuimbwa ni chache, na wimbo wa kwanza, "Jordrök", ni ala tupu mwanzo hadi mwisho. Piano hutangulia peke yake, kisha bendi nzima huingia kwa kishindo, na kuanzia hapo mapigo hubadilika mara nyingi kiasi kwamba anayejaribu kuyahesabu kwa vidole huachwa njiani. Kinachonivutia zaidi ni Mellotron, kinanda cha zamani kilichobuniwa kwa namna ya pekee: kila kibonye huvuta utepe uliorekodiwa sauti ya fidla, filimbi au kwaya, na utepe huo huisha baada ya sekunde nane hivi, kwa hiyo mpigaji hawezi kuishikilia noti apendavyo, na sauti yenyewe hutetemeka kidogo. Mtetemeko huo ukikutana na filimbi ya Anna Holmgren, unapata huzuni ambayo sijaisikia katika vinanda vya kisasa.

Nitoe tahadhari kwamba Hybris si albamu ya kusikiliza safarini. Sehemu zake za utulivu ziko chini mno, na nilipoijaribu ndani ya matatu kwenye Barabara ya Thika, spika za gari ziliimeza filimbi yote. Nikaongeza sauti ya hedifoni, na bendi iliporudi kwa nguvu zake zote nilizivua haraka. Inafaa isikilizwe nyumbani, usiku, majirani wakishazima televisheni zao.

Najua wapo watakaosema wimbo wa zaidi ya dakika kumi unachosha, na hoja hiyo siikubali, hasa ikitoka kwa Mkenya. Nyimbo nyingi za benga na rumba walizocheza wazazi wetu zilitolewa kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, na mara nyingi ni katika huo upande wa pili ambapo mwimbaji aliwaachia wapiga magitaa uwanja. Ukipita River Road, ambako biashara ya santuri ilistawi zamani, hutamkuta mzee anayelalamika kwamba magitaa yalichukua muda mrefu.

A Sceptic's Universe ya Spiral Architect, bendi ya Norwei, ni habari nyingine kabisa. Ilitoka mwaka 2000, nayo ndiyo albamu pekee waliyowahi kuitoa. Hii ni metali, yaani roki ya magitaa mazito, kavu, iliyobana, na gitaa la besi la Lars Norberg halijifichi nyuma kama ilivyo desturi ya metali, bali hujibizana na magitaa mengine kana kwamba lina haki sawa nayo. Kasoro yake ni kwamba haipumui: kuanzia "Spinning" mambo huja juu ya mambo, na sauti ya juu ya mwimbaji, ingawa ni hodari, hunichosha nikifika katikati. Mpiga gitaa ataifurahia kuliko msikilizaji wa kawaida.

Ya tatu inatoka barani kwetu. Tales of the Sands, ya mwaka 2011, ni kazi ya Myrath kutoka Tunisia, na anayeipenda taarab hatahitaji kuelekezwa, maana fidla hupanda na kushuka kwa miondoko ya Kiarabu juu ya magitaa mazito, naye mwimbaji wao, Zaher Zorgati, huipinda sauti yake katika noti moja kwa muda mrefu kabla ya kuiachia. Wengi huipendelea albamu yao Legacy ya mwaka 2016, ambayo kweli imesafishwa zaidi, ila mimi naona usafi huo umeipunguzia makali. Anayetaka kuonja kabla ya kulipa aanze na "Merciless Times". Akiona kiitikio chake ni kitamu kupita kiasi, basi fedha yake aipeleke kwa Spiral Architect.