Nyumba Nzima au Vyumba Sita vya Kupangisha? Anza na Mita

Tuchukue viwanja viwili vya ukubwa mmoja vinavyouzwa Kimara, Dar es Salaam. Kimoja kina nyumba ya vyumba vitatu inayopangishwa nzima kwa 600,000 kwa mwezi. Kingine kina chumba na sebule sita, kila kimoja 150,000. Kwa hesabu ya haraka vyumba sita vinazidi kwa 300,000, na mpangaji mmoja akihama bado unapokea 750,000. Nyumba nzima ikikaa tupu hupati kitu mpaka dalali alete mtu.

Tatizo ni kwamba vyumba vingi vya kupangisha vina kasoro, na rangi mpya haizionyeshi. Angalia LUKU kwanza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Familia sita zikichangia mita moja zinakosa tarifu ya matumizi madogo, ambayo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinanunua kwa 292 kabla ya VAT. Kisha mwenye friji na mwenye balbu mbili wanagombania mchango, na anayehama ni yule mlipaji mzuri. Kila mmoja awe na LUKU yake. Kodi ya majengo nayo hukatwa humohumo, kwa hiyo fuatilia mapema jengo likatwe kupitia mita moja, si zote sita.

Maji: kila familia ikitumia ndoo kumi za lita 20, ni lita 1,200 kwa siku. Tanki la lita 5,000 linawatosha siku nne tu. Weka sabmita (mita ndogo ya maji) na koki kwa kila mlango, ili bomba la mmoja likipasuka usiwafungie wote.

Majitaka ndiyo yanayofukuza wapangaji. Bomba la inchi 4 lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita, na kila kona iwe na chemba, kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba. Mteremko ukipungua, uchafu unaganda na choo cha mlango wa mwisho kinarudisha. Hakikisha pia gari la kunyonya linalifikia shimo.

Nyumba nzima inamfaa anayeishi mbali: mkataba mmoja, simu chache, na ni rahisi kuiuza kwa sababu mnunuzi anaweza kuhamia mwenyewe. Ukikuta vyumba sita vyenye mita moja, usivikatae. Piga gharama ya mita tano, waya na mafundi, kisha uitoe kwenye bei kabla ya kusaini.