Buti za barafu kwa farasi aliyeumia ligamenti: uzoefu wangu

Mimi ni saisi, mtunza farasi, huku Karen, Nairobi. Farasi ninayemzungumzia ni jike aliyestaafu mbio za Ngong akahamia kuruka vizuizi. Siku moja alitoka mazoezini akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Kidonda hakuna, uvimbe kidogo tu. Lakini ukiuinua mguu ule ukaukunja, kisha ukapitisha kidole gumba nyuma ya muundi, chini kidogo ya goti, katikati ya vile vijifupa viwili vyembamba, anaunyakua. Wa kulia unabonyeza upendavyo, yeye anaendelea kutafuna nyasi zake. Daktari akasema ni ile ligamenti inayoshikilia kifundo cha mguu, imeumia kule juu inakoanzia. Akaagiza dawa ya maumivu, asitoke zizini, na baridi mara kadhaa kwa siku.

Mwenye farasi akanunua buti za barafu: kitambaa kinene, mifuko ya jeli ya kugandisha kwenye friza, na mikanda ya velkro. Bei yake si rahisi hata kidogo, kwa hiyo nazieleza nilivyoziona.

Uzuri wake ni wepesi wa kuzitumia. Saisi mwenye farasi wengine wa kulisha hawezi kusimama na mpira wa maji dakika ishirini, kisha arudie baadaye, na tena jioni. Buti unafunga, unasukuma wilibaro yako, ukirudi unavua. Na kwa kuwa zinakuja jozi na mguu mgonjwa ni mmoja, moja inakaa kwenye friza, nyingine ikiwa kazini. Stima ikipotea ndiyo basi.

Shida ni jeli yenyewe. Ikiganda sawasawa inakuwa kama ubao. Mguu wa farasi una mabonde, na ligamenti hii imejificha ndani kabisa, kati ya mfupa na kano za nyuma. Ubao unagusa mfupa mbele na kano nyuma, huku pembeni panabaki hewa na manyoya. Nilianza kulowesha mguu kwanza na kuiacha jeli ilegee kidogo kabla ya kufunga, na tofauti niliihisi kwa kiganja nilipovua: baridi ilikuwa imeenea mguu mzima. Pia buti huteleza. Farasi akikanyaga kwa hasira mara mbili tatu kufukuza nzi, inashuka mpaka kwenye kifundo, unabaki unapoza mahali pazima. Velkro nayo inanasa maranda, usipoisafisha, haishiki.

Kwa siku mbili tatu za mwanzo, ambazo ndizo za kupigania uvimbe, maji yenye barafu ni bora kuliko buti hizi. Yanaingia kila mahali, mishipa ya damu inabana, uvimbe unatulia, maumivu yanapungua. Tatizo ni kwamba ndoo ya kawaida inaishia kwenye kifundo na jeraha letu lilikuwa karibu na goti. Mzee mmoja, saisi wa siku nyingi, akaniambia, "Kijana, tafuta tyubu ya lori." Tukakata kipande, tukakifunga chini kwa bendeji, tukakining'iniza kwa kamba iliyopita juu ya mabega ya farasi, tukajaza barafu ya kituo cha petroli na maji. Sura yake haikupendeza, ila ilifanya kazi.

Kwenye boksi la buti wameandika kwamba zinaponya ligamenti. Haziponyi. Baridi inapunguza uvimbe na maumivu, kuponya ni kazi ya muda. Daktari alisubiri kama wiki ndipo akapiga ultrasaundi, maana tundu jeusi linaloonyesha jeraha kwenye picha linaweza kuendelea kupanuka siku za mwanzo. Ligamenti inajiunga kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama nyuzi za asili, ndiyo sababu unaanza kumtembeza kwa kamba dakika chache tu, kwenye ardhi ngumu na tambarare, si kwenye mchanga mzito. Troti, yaani kukimbia polepole, inangoja picha nyingine. Tuliambiwa mguu wa mbele ukiumia pale juu una matumaini kuliko wa nyuma. Ni miezi, ndugu zangu, na farasi wa mbio aliyefungiwa hivyo akitolewa nje huwa anataka kuruka hadi kwa jirani. Vaa glavu.

Hapo kwenye matembezi ndipo buti zilipolipa pesa yake. Kila tukirudi nilimvalisha akiwa anakula, na asubuhi mguu ulikuwa hauna joto. Bado nazitumia baada ya mazoezi.

Nazipa nyota tatu kwa tano. Kama unanunua leo, tafuta aina ndefu inayopokea barafu na maji ndani, inayofika hadi chini ya goti. Ukichagua za jeli, uliza kwanza kama mifuko inauzwa peke yake: mfuko wetu mmoja ulipasuka mshononi, na muuzaji akatuambia tununue jozi nzima upya.