Tapeti kwa geji, si kwa sikio: uzoefu wangu na fundi wa Ngamiani

Kwa wenye pikipiki hapa Tanga, nawaeleza huduma niliyoipata kwa fundi mmoja mwenye kibanda Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba. Kazi yenyewe ni kurekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu (vijilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) na roka, mikono midogo inayozisukuma. Chombo changu ni cha Kichina, injini ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma roka) yenye muundo wa Honda CG125, na hakipumziki: leo machungwa ya Muheza, kesho abiria wa Pongwe.

Fundi niliyekuwa namtumia zamani alikuwa anapima kwa sikio. Anawasha, anasikiliza, anakaza skrubu mpaka mlio wa tik tik upotee. Wengi tunapenda hivyo, injini iwe kimya. Lakini valvu ikikosa nafasi haifungi sawasawa. Kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda, inavuja, na valvu ya ekzosi, ambayo hupoa kwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, inaanza kuungua. Yangu ilishakuwa na kiki nyepesi, na nikisimama kushusha abiria, nikiachia mafuta tu, inazima.

Huyu wa Ngamiani aliweka kiganja kwenye silinda akatikisa kichwa. "Kaka, hii bado ya moto. Iache ilale hapa, ama uilete asubuhi hujaiwasha." Niliona usumbufu, maana kulaza pikipiki ni kulaza riziki. Ila ana hoja: kipimo cha kiwandani ni cha injini baridi, na vyuma vikishatanuka namba ile haina maana tena.

Asubuhi alichomoa plagi ili injini izunguke bila kubishana naye, akafungua kifuniko cha magineti, gurudumu linalozunguka na injini, upande wa kushoto, akaanza kuzungusha polepole kwa spana huku akitafuta alama. Kwenye magineti kuna F na kuna T. F ni ya moto wa plagi, T ndiyo topu, pistoni ikiwa juu kabisa. Mimi nilidhani T ikishalingana na alama kazi imeisha. Sivyo. Injini hii ya mipigo minne huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa kazi, kwa hiyo T inakuja mara mbili: moja pistoni imebana hewa na valvu zote zimefungwa, nyingine inamalizia kutoa moshi na valvu bado zinasukumwa. Akazitikisa roka kwa vidole. Moja ilikuwa imekaza, akazungusha duara zima, akatikisa tena. Sasa zote mbili zikacheza kidogo. Hapo ndipo akachukua fila geji, vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi.

Jani la milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Alitaka lipite kwa kukwaruza kidogo, si kuteleza wala kung'ang'ania. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baada ya kukaza nati alipima upya, kwani skrubu hupenda kufuata nati inapokazwa. Ya ekzosi ilimgomea, akairudia mpaka ikakubali.

Matokeo: kiki imekuwa nzito kama inavyotakiwa, asubuhi inawaka bila kelele nyingi, na nikiachia mafuta inanguruma tu. Tik tik ya mbali ipo. Wenzangu kijiweni wanasema nimeibiwa, nami nawaacha waseme.

Kasoro zipo. Hana vipuri, na mpira wa kofia ya hedi ulipochanika ilibidi nikimbie mwenyewe dukani huku injini iko wazi. Kibanda hakina kivuli cha maana, na hapendi kuharakishwa hata kidogo. Bei yake imezidi kidogo ya wale wa sikio, si ya kulalamikia.

Ukienda, nunua mpira kabla, na usukume pikipiki kama unakaa karibu. Ukifika nayo inaunguruma, atakwambia urudi kesho.