Kipimo cha OCT cha retina, kliniki moja ya macho Upanga

Kama una mzazi mwenye sukari soma hii. Nlimpeleka mama kupima retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kwa mashine ya OCT, yaani inayopiga picha ya retina kwa mwanga, kliniki ipo Upanga jina siweki, na kipimo chenyewe nakipa nyota tano kabisa. Hakuna sindano, hakuna maumivu, unaweka kidevu unaangalia kijitaa dakika chache basi, af inatoka picha ya ubavuni ya retina tabaka kwa tabaka.

Ila kilichonigusa ni dokta. Katugeuzia skrini akatuonyesha katikati ya retina, pale tunaposomea, kuna vitundu vyeusi, akasema mama hayo ndo maji, ndo maana mistari ya msahafu unaiona imepinda. Mi nlikua najua sukari inaharibu mishipa ya damu tu, kumbe kuna seli za glia, yaani seli zinazosaidia neva, haswa zile za Müller, zimesimama toka upande mmja wa retina mpaka mwingine na kazi zao ni nyingi mno, zinalisha neva, zinaondoa potasiamu na glutameti (kemikali ambayo neva zinatumia kupashana habari) ilozidi, zinatoa maji yasituame. Sasa sukari ikikaa juu miaka na miaka zinavurugika, zinavimba zenyewe, maji hayatoki vizuri, af zinamwaga protini inaitwa VEGF ambayo inafanya mishipa izidi kuvuja. Na zile sindano za jicho ambazo mama alikua anaziogopa kufa, bevacizumab na wenzake, zinazuia hiyo hiyo VEGF. Alivyoelewa hivyo akakubali mwenyewe, hatukumlazimisha! Dokta anayeeleza hivi kwa mgonjwa wa kawaida, kwa Kiswahili, bila haraka, ni wachache jamani.

Mapokezi sasa ndo shida. Foleni haieleweki, wazee wamekaa na njaa na wengine wana sukari, hakuna anayewaambia chochote, hii warekebishe kwa kweli. Pia matone ya kupanua mboni wanaweka bila kukwambia mapema, mwanga unaumiza masaa kadhaa, so beba miwani ya jua na usiende unaendesha mwenyewe.

Ripoti wanakupa karatasi yenye maandishi tu, omba na picha zenyewe wakutumie wasap, maana picha ya pili inalinganishwa na ya kwanza. Ya mama baada ya sindano maji yamepungua, hayajaisha. Jumamosi wanafungua ila dokta wa retina hayupo, nenda katikati ya wiki.