Way Out West ya Sonny Rollins: nilivyoisikiliza Lamu

Miezi mitatu sasa naisikiliza albamu hii ya muziki wa jazi, aghalabu usiku, mtaa wetu wa Langoni ukishatulia. Mpulizaji saksafoni ni Sonny Rollins wa Marekani. Wenziwe ni wawili tu: Ray Brown kwenye besi kubwa ile ya kusimama, na Shelly Manne kwenye dramu. Piano hakuna, gitaa hakuna.

Hilo la piano ndilo wanalolitaja wengi, kana kwamba kuna mgeni aliyealikwa asije. Mimi sikuliona pengo. Sisi tumelelewa na zumari: mmoja anapuliza, chini yake zinalia ngoma za chapuo na vumi, na arusi inakesha. Hapana anayeuliza kinanda kiko wapi. Rollins naye ndivyo. Anaushika mkato mmoja mdogo wa wimbo, anaugeuza, anaurudia umekwisha kuwa kitu kingine, kisha ananyamaza. Katika kile kimya ndipo unapomsikia Brown akitembea kwenye nyuzi zake, hatua kwa hatua. Piano ingekuwepo, ingekijaza kimya kile, na mimi ningekikosa kilichonifanya niipende jazi.

Wimbo wa kwanza unafunguliwa na Manne. Anagonga ko-ko, ko-ko, akiiga kwato za farasi wa wachunga ng'ombe wa kwao. Siku ile nilikuwa nimeunganisha spika, dirisha liko wazi, na mama yangu akaniita kutoka ukumbini: "Ni nani apitaye na punda saa hizi?" Nikamwambia ni muziki, mama. Akaja akaketi, akausikiliza mpaka mwisho.

Walirekodi Los Angeles tarehe 7 Machi 1957, wakaanza saa tisa za usiku kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi zake nyingine. Rollins alikuwa na miaka 26. Uchovu siusikii popote. Nasikia watu watatu waliopewa nafasi na wakaiheshimu.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote itapotea, na albamu hii bila besi ni nyumba isiyo na boriti. Tafuta spika nzuri au zile za masikioni, na zote mbili ziwe nzima, maana katika toleo la stereo saksafoni imewekwa kushoto, besi na dramu kulia.

Zangu za masikioni zilinifia upande wa kulia kwa chumvi ya bahari. Nikabaki na Rollins karibu peke yake, na bado mwendo ulikuwamo ndani ya pumzi yake, hauyumbi. Wimbo mmoja wa taratibu wa albamu hii, uliotungwa na Duke Ellington, niliusikiliza hivyo mara nne kabla sijaagiza nyingine Mombasa.